Neno "earmark" na mtamba wa Muzee Gasore aliyekatwa sikio kule Sange

Wakuu, jambo kutoka Uvira, huku ambako Ziwa Tanganyika linaanzia. Wa Kalemie mkisema kwenu ndiko linakoanzia, fungueni uzi wenu.

Wanaonisoma humu wanajua nina mdomo. Nikivua ndagala, dagaa mmoja tu, asubuhi, mpaka jioni amekuwa mamba. Lakini haya ya leo nayaandika nikiwa na hasira, na minye, yaani mimi, nikikasirika hukosa hata akili ya kutunga. Kila ng'ombe nitakayemtaja hapa ana miguu minne na nilimgusa kwa mkono wangu.

Masikio ndiyo hayakutimia. Hapo ndipo uzi ulipo.

Najua kuna mtu tayari anaandika "fupisha mkuu". Sifupishi.

Mimi ni seremala, Kalundu, natengeneza vitanda na milango. Shule niliiacha darasa la nne. Nikairudia nikiwa na ndevu, mke, na watoto walionizidi hesabu. Masomo ya jioni, miaka sita, mpaka nikachukua diplôme. Siku ya kuipokea nilitembea nayo mkononi kutoka Kalundu mpaka Mulongwe, upande wa muhuri ukiangalia watu. Mke wangu akaniambia niiingize ndani kabla jua halijafuta jina.

Sasa, mwaka ule wa mwisho Prof wetu wa Kiingereza alituletea kazi ya ajabu.

Alikunja vikaratasi akaviweka kwenye beseni. Kila kikaratasi kina kitenzi cha Kiingereza kilichoundwa kwa maneno mawili yaliyogandishwa. Unachota kimoja, unaenda kutafuta neno lako lilizaliwa wapi, nani alilizaa, lilitembea vipi mpaka likafika tulipo. Kisha unakuja kulitetea mbele ya darasa na wageni, umevaa shati la mikono mirefu, kama mtu anayetetea thèse.

Jirani yangu wa benchi alichota "handpick", kuchagua kwa mkono. Huyu jirani mshikeni vizuri. Ni mtu mzima, ana koti la suti hata kwenye joto la saa nane, anakaa Uvira lakini boma lake la ng'ombe liko Sange, kule kwenye mashamba ya mpunga. Alikuwa président wa kila kitu: président wa darasa, président wa kwaya, président wa mazishi. Nitamwita Président. Hata mke wake anamwita hivyo.

Minye nikachota "earmark".

Niliona ear, sikio, nikaona mark, alama. Nikasema Mungu wangu, nimepewa ugonjwa.

Dictionnaire ya shule ikaniambia mstari mmoja tu: kutenga kitu kwa ajili ya kazi fulani au mtu fulani. Ofisi zinalipenda sana. Mahindi yametengwa kwa ajili ya wajane, ni earmarked. Shamba limetengwa kwa ajili ya shule, ni earmarked.

Sawa. Lakini sikio linafanya nini hapo? Nikalala na swali hilo juma zima. Nilipima mlango wa mteja nikaandika vipimo vya sikio.

Ndipo akaingia Muzee Gasore.

Muzee Gasore ni jirani yangu. Ni mfugaji wa kule juu, Hauts Plateaux, aliyeshuka Uvira miaka kadhaa iliyopita bila ng'ombe hata mmoja. Alishuka na fimbo, kofia, na majina ya ng'ombe wake. Majina hayo anayataja kila asubuhi mbele ya mlango, moja moja, kama mtu anayeita darasa ambalo halitaitika. Si mtu mpole. Akikuta maziwa yamechanganywa maji anatukana mpaka kuku wanahama. Lakini kila siku anakuja kukaa kwenye karakana yangu, juu ya mbao, ananiambia vitanda vyangu ni vibaya.

Nikamwambia shida yangu ya sikio.

Akacheka, wakuu. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Bazungu njo banajua leo?" akasema. "Sisi tunakataga masikio tangu zamani za baba wa baba yangu. Ngombe zinakula pamoja mulimani, zinachanganyika. Utajua aje yako? Unaangalia sikio. Kila nyumba iko na mukato yake."

Akaokota kipande cha mkaa, akanichorea juu ya ubao wa mninga sikio la kushoto la ng'ombe, na kwa chini yake mikato miwili ya pembe tatu, imekaribiana kama meno ya mtoto.

"Hii ni ya kwetu. Ya baba yangu. Ukiikuta Fizi, ukiikuta Bukavu, ni ngombe ya kwetu."

Nikampelekea Prof. Prof akafurahi, akanipa kitabu chake cha zamani kisicho na jalada. Kumbe ni vilevile, wakuu! Waingereza wa zamani walikuwa wanalisha kondoo na ng'ombe kwenye milima ya wote, na kila mwenye mifugo alikuwa na mkato wake sikioni. Mkato ukaitwa earmark. Baadaye kukata kwenyewe kukaitwa hivyo. Baadaye tena hata kitu kisicho na sikio, shamba, gunia, chumba, kikiwa na mwenyewe anayejulikana wakasema kimetiwa earmark. Neno likashuka mlimani, likavaa viatu, likaingia ofisini.

Na kitabu kikaniambia jambo la pili. Wezi wa kule walikuwa wanachukua kisu, wanakata sikio lote mpaka pale alama ilipoishia. Hakuna sikio, hakuna alama. Hakuna alama, hakuna mwenyewe.

Jambo hili la pili, wakuu, heri ningelimeza. Ningelimeza na jalada ambalo halikuwepo.

Siku ya kutetea nilisimama na ubao wa Muzee Gasore kifuani. Nilikuwa moto! Niliwapeleka Uingereza, nikawarudisha Minembwe, kwenye milima ya Muzee, nikawatembeza tena. Nilipofika kwa wezi watu walikuwa wameacha hata kujipepea. Nikaonesha kwa mkono jinsi kisu kinavyopita: fyaa!

Président akainua mkono. "Swali kwa mtetezi. Na mwizi akiulizwa sikio la mnyama limeenda wapi, alikuwa anajibu nini?"

Kitabu hakikusema. Lakini darasa lote linaniangalia, Prof ananiangalia, mke wangu yuko kwenye wageni amevaa kitenge kipya. Ningesema sijui?

"Alikuwa anasema aliumwa na mbwa!" nikajibu.

Darasa likaanguka kwa kicheko. Makofi. Nikapata alama kubwa kuliko wote. Président alicheka pia, nakumbuka, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Akaandika, wakuu.

Haya. Miezi ikapita. Likaja shirika moja, jina silitaji, na projet ya kuwapa mitamba watu waliopoteza mifugo. Si mitamba ya hivihivi, ni mitamba yenye mimba tayari. Orodha ikabandikwa ukutani, kwa Kiingereza, kwa sababu gani sijui, hapa kwetu hata mbwa wanabweka kwa Kifaransa. Nikaitwa kuisoma. Mstari wa saba: mtamba mmoja, earmarked kwa Gasore.

Niliposoma neno lile kwa sauti nilitaka kulia. Neno langu! Nikamweleza Muzee kwamba ametengewa ng'ombe, karatasini, na neno lenyewe ni lile la sikio.

Alienda nyumbani. Kesho yake asubuhi nilimsikia akitaja majina mbele ya mlango, na mwishoni akaongeza jina jipya: Bihogo, jina la ng'ombe mwekundu.

"Hujamuona bado," nikamwambia. "Kama ni mweusi?"

"Itakuwa nyekundu," akasema.

Na kweli alikuwa mwekundu, mwenye paji jeupe.

Makabidhiano yalifanyika Sange. Nilimpeleka kwa pikipiki yangu. Hotuba, picha, hotuba. Nani président wa komite ya mifugo? Mnamjua. Koti lilelile.

Wakasema wanyama wabaki Sange siku arobaini, waangaliwe afya, chini ya komite. Hereni za plastiki zenye namba zilikuwa hazijafika, komite itazivalisha zikifika, kisha kila mtu aje kuchukua wake.

Muzee Gasore akauliza: "Na siku hizo zote, bantu batajua aje hii ni yangu?"

"Imeandikwa, muzee," Président akasema. "Karatasi iko."

"Karatasi inalala ku biro. Ngombe inalala huku."

Akatoa kisu kidogo mfukoni, akatoa majivu yaliyofungwa kwenye jani la mgomba. Alikuwa amekuja nayo kutoka Uvira! Président akapiga kelele kwamba anaharibu mnyama wa projet. Docteur wa mifugo wa shirika, mama mmoja kijana asiye na maneno mengi, akasema mwacheni, ni wake.

Nilishika kichwa cha Bihogo. Sikio la kushoto, chini, mikato miwili. Haraka kuliko kufungua soda. Majivu. Mtamba akapiga mguu mara moja, akarudi kwenye nyasi. Watu wakaenda kupiga picha ya pamoja na minye nikakimbilia katikati, mnanijua. Muzee alibaki kwa ng'ombe wake.

Siku arobaini zile Muzee alizihesabu kwa mistari ya mkaa kwenye ukuta wa karakana yangu. Alikuwa amepata mtu wa kijiji cha pembeni ya Sange atakayemlishia. Alianza hata kusifu vitanda vyangu. Nikajua mzee anaumwa furaha.

Siku ya arobaini na moja tukaenda.

Président akatupokea kwa mikono miwili. Akafungua mlango wa zizi la komite, akatuletea mnyama.

Wakuu. Nimesema naongeza mambo, lakini hapa hakuna cha kuongeza kwa sababu hapakuwa na nyama ya kuongezea. Ile haikuwa ng'ombe, ilikuwa ngozi iliyoanikwa juu ya meza. Nyekundu, ndiyo. Paji jeupe, kidogo, ukiangalia kwa imani. Mimba haina. Mguu wa nyuma inauburuta. Sikioni hereni ya plastiki, namba saba.

Muzee Gasore akashika sikio la kushoto. Lilikuwa zima. Akalishika tena.

"Apana yangu hii."

"Muzee, soma namba. Saba. Na orodha inasema saba ni weye."

"Mukato yangu iko wapi?"

"Ilipona."

Ilipona! Nikamwambia, "Président, sikio lilikatwa vipande viwili. Limeota tena kama majani ya sombe?"

"Weye seremala, mambo ya mifugo haiko mbao."

Muzee alikuwa ameshaondoka. Nyuma ya zizi la komite kuna ua wa matete, na nyuma ya ua ni boma la Président mwenyewe. Muzee alisimama kwa vidole vya miguu akachungulia. Nikachungulia na minye.

Mtamba mwekundu, paji jeupe kama sahani, tumbo limejaa mimba, anakula mabua. Hana hereni. Na sikio la kushoto limeishia nusu. Limenyooka, wakuu, limenyooka kuliko ukingo wa meza ninazouza.

"Bihogo!" Muzee akaita.

Ningependa kuwaambia kwamba ng'ombe aligeuka akaja mbio. Hakugeuka. Aliendelea kutafuna kama mtu anayeitwa na mwenye nyumba.

"Hiyo ni yangu," Président akasema nyuma yetu, taratibu. "Nilinunua Kamanyola."

"Na sikio?" nikauliza.

Akaniangalia machoni. Akatabasamu.

"Aliumwa na mbwa."

Wakuu, jua lilikuwa la Sange, lile linalopika mpunga ungali shambani, lakini minye nilijikuta tena darasani. Mbwa yule ni wangu. Nilimzaa mimi, mbele ya darasa, ili watu wacheke. Kitabu hakina mbwa! Dunia nzima hakuna mbwa! Na kisu kilichopita sikioni kwa Bihogo nilikinoa mimi, kwa ulimi, na makofi nikapigiwa.

Nilitaka kumrukia. Muzee akanishika mkono, ana mkono mgumu kama jiriwa. "Twende."

"Muzee, tumuache?"

"Twende, nasema."

Njiani tulisimama kununua maji, ndipo nikamwambia yote. Ubao wake, darasa, wezi wa Uingereza, swali la Président, mbwa wangu wa kutunga. Nilisema nikiangalia tairi.

Alikunywa maji yake, akafunga chupa, akapanda pikipiki. Kutoka hapo mpaka Uvira sikusikia hata kikohozi mgongoni kwangu. Afadhali angenitukana. Mzee anayetukana mpaka kuku wanahama ananyamaza, wakuu, hiyo ni adhabu ya mahakama ya juu.

Kesho yake tukaenda biro, ofisi ya shirika. Agent akatukalisha. Kijana wa miwani, shati jeupe, kompyuta mbili, na hakutuangalia mpaka alipomaliza kunywa chai.

Akasoma. "Tatizo ni nini? Mtamba namba saba, earmarked kwa Gasore. Ametolewa. Amepokelewa. Kuna sahihi ya komite."

"Amebadilishwa," nikasema.

"Haiwezekani. Imeandikwa earmarked." Kisha akanigeukia, akasema polepole kama anayemfundisha mtoto: "Weye unajua earmarked ni nini? Ni Kiingereza."

Jamani.

Miminye! Miaka sita ya masomo ya jioni! Nimelitetea neno lile nikiwa na shati la mikono mirefu!

Nilisimama. Kiti kikaanguka. Nikamwambia ninajua earmark ni nini kuliko kompyuta zake mbili. Nikamwambia neno hilo limezaliwa mlimani, kwenye damu na majivu, si kwenye karatasi yake. Nikamwambia watu waliolitunga, kama wangepewa ng'ombe mwenye sikio zima wakaambiwa huyu ndiye aliyetiwa earmark, wangekichoma kiti chake akiwa amekikalia. Kwamba mmechukua neno la sikio mkaliweka kwenye orodha, na sikio lenyewe mkamwachia mwizi. Kwamba karatasi yenu haina damu, kwa hiyo haiumwi ikibadilishwa. Nilisema mengi. Nadhani nilimtaja na mama yake, kwa hilo naomba radhi.

Watu wakatoka vyumba vingine. Mmoja wao ni Docteur, yule mama wa mifugo.

"Nini?" akauliza.

Muzee Gasore, ambaye tangu jana hakuwa amefungua mdomo, akasema: "Docteur, weye ulikuwa pale siku nilikata. Twende Sange. Leo. Kabla habari haijatutangulia."

Docteur hakumaliza hata kumwangalia agent. Akachukua funguo za gari.

Tulifika Sange Président akiwa na wanakomite wake wanne kibarazani. Wakatufuata mpaka bomani, wanasema kwa sauti, wanacheka. Docteur akapima sikio lililokatwa kwa vidole.

"Hii ni kisu," akasema.

"Mbwa wa huku wana meno makali, Docteur."

"Ni kisu. Lakini kisu hakinioneshi mwenyewe ni nani. Muzee, uko na alama ingine?"

Muzee akamsogelea, akamnong'oneza sikioni. Kidogo tu, maneno matatu manne. Docteur akainua nyusi.

Kisha Muzee akatuelekea sisi wote. "Mugeuke."

"Ju ya nini?" Président akauliza.

"Mugeuke bote. Muangalie mupunga."

"Sigeuki katika boma yangu!"

"Geuka, Président," Docteur akasema, "ama niandike kwamba ulikataa ukaguzi."

Wakuu, sijui niwachoreeje picha ile. Wanaume sita, Président na koti lake, wanakomite wanne, na minye, tumesimama mstari mmoja kwenye jua tumempa mgongo ng'ombe mmoja, tunaangalia mashamba ya mpunga kama darasa lililoadhibiwa. Président akageuza shingo kuchungulia. Muzee akampiga fimbo ya ndama, tap, juu ya kiatu.

Nyuma yetu mtamba anapumua.

Kisha sauti ya Docteur: "Iko."

Halafu tena, kama mtu asiyeamini mkono wake: "Iko, iko kabisa. Mugeuke."

Président akalipuka. "Mumepatana! Huyu mama na huyu muzee bamepatana! Alama gani? Iko wapi?"

"Ngombe si yako?" Docteur akamuuliza. "Ulimununua Kamanyola, umemulisha mwenyewe. Niambie weye alama iko wapi."

Akaangalia ng'ombe. Macho yakaanzia pembeni, yakashuka miguuni, yakapanda mgongoni. Koti lilianza kuloa kwapani.

"Mu... mu muguu," akasema.

Mwanakomite mmoja akacheka. Mmoja tu, kidogo, akaficha kwa kikohozi. Lakini ukishachekwa na mtu wako mwenyewe imekwisha. Docteur akavua hereni namba saba kwa yule ng'ombe kilema aliyebaki zizini, akaivalisha kwa Bihogo sikio la kulia, akaandika ripoti yake juu ya boneti ya gari, akamwita mtu wa kumswaga ng'ombe.

Muzee alitoka bomani nyuma ya ng'ombe wake bila kumwangalia Président. Hata tusi hakumpa. Minye nilimpa ya wawili.

Tulipokuwa wawili nikamuuliza. Muzee, ulikuwa na alama ya pili tangu siku ya kwanza, tulipokimbilia picha? Mbona hukusema palepale jana, ukaniacha nife?

"Ningesema jana, jioni angeikata nayo. Angeichuna ngozi yote akiitafuta."

"Na minye? Ulinionesha ubao. Ukaniambia hii ndiyo ya kwetu, ya baba yako."

Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu jana. Naapa alikuwa anatabasamu.

"Nilikuonesha ile ya kuonesha."

Nilikaa na maneno hayo njia nzima. Mpaka leo nakaa nayo.

Sasa hasira yangu, kwa nini ipo bado, wakati ng'ombe alirudi?

Kwa sababu Bihogo ana sikio moja na nusu, na nusu ile haitaota. Kwa sababu Président ni président mpaka kesho, ameongezewa na komite ya maji. Kwa sababu yule ng'ombe kilema alikuwa wake tangu mwanzo, alimwingiza kwenye hesabu ya projet kinyemela, na akamchukua akarudi naye bomani bila kuulizwa. Kwa sababu nimeiona ripoti ya mwisho ya shirika, Kiingereza safi, karatasi nzuri: mitamba yote ilikuwa earmarked na yote iliwafikia walengwa bila tatizo. Neno langu tena! Docteur aliandika yake juu ya boneti, sijui ilianguka wapi.

Na kwa sababu yangu mwenyewe. Nilipewa kitu cha nyumba ya watu, nikakifanya mchezo wa kuigiza nipate alama. Nikakosa jibu, nikatunga. Kusema "sijui" kungenichukua sekunde moja.

Ndilo somo langu, na silitoi kwa yeyote mwenye moyo mwepesi: historia ya neno si pambo la kuvaa mbele za watu. Lile lilikuwa na mwenyewe. Wenyewe waliokata masikio Uingereza wamekufa, ukimwaga siri zao hakuna anayeibiwa. Wa kwangu anakaa mlango wa tatu.

Nimalizie.

Juma lililopita Bihogo alizaa. Ndama jike, mwekundu, masikio mawili mazima yanayopepea kama vitabu. Muzee aliniita mimi, si mtu mwingine, nikamshike. Nilimpakata kifuani, moyo wake unagonga kuliko nyundo. Muzee akakata sikio la kushoto, mikato miwili, nikaona yote.

Akapaka majivu. Akanichukulia ndama mikononi.

"Sasa geuka," akasema.

Nikageuka. Nikaangalia mpunga.

Msiniulize alama ya pili iko wapi, sijui. Na safari hii nafurahi kujibu hivyo.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Wafugaji wa humu, kwenu mnatambuaje mnyama wenu? Semeni ile ya kuonesha tu. Na wale mnaofanya kazi kwenye mashirika, njooni mnijibu, ila mtu asinieleze earmark ni nini.